MZUNGU WA BAISKELI: MAISHA YA BILL TILMAN

Ukisimama kando ya barabara kuu hapa Kangemi asubuhi ya Jumamosi, kabla makanga hawajaanza kelele zao, utawaona wakipita. Wameinama juu ya baiskeli nyembamba za mashindano, helmeti kichwani, kaptura zimewabana, macho mbele. Wengine huja kwa kundi, lakini wengi huja mmoja mmoja. Wanapanda kuelekea Uthiru, Kinoo na Limuru, na wenye mapafu makubwa hufika Naivasha kabla ya kugeuza. Hawana mzigo, hawana abiria, wala hakuna aliyewatuma. Akina mama wanaouza sukuma wiki huwatazama na kusema kwamba mtu mwenye nguvu za bure namna hiyo angekuja kuwasaidia kushusha magunia ya viazi.

Mimi pia nilikuwa nawacheka. Niliacha kucheka mwaka jana, nauli ilipopanda na baba akaniambia nichukue baiskeli yake, ile nyeusi nzito tunayoiita Black Mamba, niwe nakuja nayo shuleni. Siku ya kwanza wenzangu waliniuliza nimeleta maziwa lita ngapi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Basi nikaanza kutafuta vitabuni habari za watu mashuhuri waliopanda baiskeli, nikitaka silaha ya kuwajibu. Ndipo nilipokutana na Bill Tilman, aliyeishi nchi hii yetu kuanzia 1919 mpaka 1933, kisha akaondoka kwa baiskeli, peke yake, akavuka Afrika mpaka bahari ya Atlantiki.

Nilipolileta jina lake kwenye mkutano wa Chama cha Kiswahili, palizuka zogo. Wenzangu walikuwa wamechagua Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na Shaaban Robert. Mmoja wao, ambaye ni hodari wa Historia, aliuliza vipi tutampa mlowezi kurasa za gazeti letu, mtu aliyepewa shamba la wenyewe kwa bahati nasibu. Sikuwa na jibu. Mwalimu mlezi akanishauri niandike yote, mazuri na mabaya, halafu nione kama bado nataka kumsifu. Haya basi ndiyo niliyoyapata.

KUZALIWA NA VITA

Jina lake kamili lilikuwa Harold William Tilman, lakini watu walimwita Bill. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 huko Wallasey, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari, kwa hivyo nyumbani hawakulala njaa. Alipelekwa shule ya bweni ya Berkhamsted, na inaonekana angekuwa mtu wa kawaida tu wa biashara kama baba yake.

Lakini mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 17, Tilman aliingia jeshini katika kikosi cha mizinga na kufanywa afisa. Hebu fikiri, huo ni umri wa wanafunzi wa Kidato cha Nne. Sisi tunalia kwa sababu ya mtihani wa Hesabu, yeye alikuwa Ufaransa akiamuru mizinga kwenye matope. Alipigana katika vita vya Somme mwaka 1916, akajeruhiwa, na mara mbili akapewa nishani ya ushujaa iitwayo Military Cross. Vita vilipokwisha Novemba 1918 alikuwa na miaka 20, na wengi wa rika lake walikuwa wamezikwa. Watu walioandika maisha yake husema kwamba tangu hapo alikuwa mkimya, asiyependa makundi na asiyependa starehe. Hakuoa maisha yake yote.

SHAMBA LA BAHATI NASIBU

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kuwapa askari wake wa zamani mashamba katika nchi yetu. Waliotaka waliandika majina, na majina yakatolewa kwa kura kama tunavyochagua tiketi za tombola. Nairobi kura hizo zilifanyiwa katika ukumbi wa Theatre Royal, jengo ambalo baadaye lilikuja kuwa sinema ya Cameo. Tilman naye alibahatika. Mwaka huohuo akapanda meli, akaja kwenye shamba lake huku juu magharibi ya Bonde la Ufa, upande wa Kericho na Sotik.

Hapo ndipo mwenzangu wa Historia ana haki ya kukasirika. Ardhi ile haikuwa msitu usio na mwenyewe. Ilikuwa nchi ya Wakipsigis, malisho ya ng'ombe wao na makaburi ya wazee wao. Isitoshe, Waafrika nao walikuwa wamekwenda vita hivyohivyo. Walibeba mizigo ya jeshi la Waingereza kule Tanganyika, na makumi ya maelfu yao wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mtaa wetu wa Kariokor hapa Nairobi umepata jina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Waliorudi hawakuingizwa kwenye kura yoyote. Walichopata ni kipande, kile cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho kikining'inia shingoni.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walibadilisha methali. Walipofika siku ya tatu, wao ndio waliowapa wenyeji jembe, tena katika shamba la wenyeji wenyewe, kwa mshahara wa shilingi chache kwa mwezi. Hata barabara yetu hii inatukumbusha. Imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, aliyefanya udugu wa damu na Kapteni Lugard mwaka 1890. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikamatwa na watu wa kampuni ya Lugard, akafungwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Alimkaribisha mgeni, na mgeni akawa mwenye nyumba.

Tilman alipanda kitani kwanza, kwa kuwa bei yake baada ya vita ilikuwa juu. Bei ikaanguka, walowezi wengi wakafilisika. Yeye akageukia kahawa. Kwa miaka kumi na zaidi alifyeka, akajenga, akapanda na kuvuna. Haonekani kuwa alikuwa bwana wa kukaa kivulini, alishika kazi kwa mikono yake. Lakini kazi nyingi ya shamba lile, kama ya mashamba yote ya walowezi, ilifanywa na vibarua, na majina yao hayakuandikwa popote.

MILIMA

Mwaka 1930 maisha yake yaligeuka. Alimwandikia barua mlowezi mwingine, kijana aitwaye Eric Shipton, aliyefanya kazi ya kahawa upande wa Nyeri. Shipton alikuwa amepanda Mlima Kenya mwaka 1929, na Tilman alitaka mwenzake wa kupanda naye. Wakaenda Kilimanjaro. Mwaka huohuo wakaenda Mlima Kenya, wakapanda ukingo wa magharibi ambao hakuna mtu aliyewahi kuupanda, wakavuka vilele vyote viwili, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Mapema mwaka 1932 wakapanda milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mpaka leo wapanda milima huyataja majina haya mawili pamoja, Shipton na Tilman, kama tunavyotaja sufuria na mwiko.

Mwaka huo wa 1932, akiwa likizoni Uingereza, Tilman na wenzake walianguka mlimani. Mmoja wao alikufa. Tilman mwenyewe aliumia mgongo vibaya, na madaktari wakamwambia asahau mambo ya kupanda milima. Alisikiliza, kisha akaenda kupanda. Mwaka 1933, akiwa amerudi huku, alipanda Kilimanjaro tena mpaka Kibo, safari hii peke yake kabisa. Nadhani hapo ndipo alipojipima. Ukiwa na mwenzako unaweza kumlaumu, au kumwambia turudi. Ukiwa peke yako, wa kumdanganya ni wewe mwenyewe.

DHAHABU YA KAKAMEGA

Sasa nafika mahali panaponigusa mimi binafsi. Kahawa nayo ilishuka bei, kwa maana dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi. Mwaka 1931 dhahabu ilikuwa imepatikana Kakamega, na walowezi wenye madeni walimiminika huko kama siafu. Tilman naye alikwenda na mwenzake kujaribu bahati.

Kwetu ni Kakamega. Baba alikuja Kangemi kutafuta kazi kama walivyokuja Waluhya wengi wa mtaa huu. Nyanya yangu, ninapokwenda kumtembelea Desemba, huwa ananikataza kukimbia ovyo kwenye kichaka cha nyuma ya boma kwa sababu ya mashimo. Ni mashimo ya zamani ya wachimbaji. Nyanya alihadithiwa na mama mkwe wake jinsi Wazungu walivyokuja na vigingi, wakavipigilia katikati ya mahindi, na jinsi ndama wa kwanza alivyotumbukia. Vitabu vinathibitisha hali ilivyokuwa. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele, na ikichukuliwa sehemu watapewa nyingine badala yake. Desemba 1932, dhahabu ilipoonekana, sheria ile ikabadilishwa haraka haraka ili ardhi ichukuliwe bila kubadilishana. Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili na nusu.

Tilman hakupata utajiri Kakamega. Siwezi kusema kigingi chake kilisimama shambani kwetu. Lakini siwezi pia kusema kwamba hakikusimama. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, nikaona kwamba mwenzangu wa Historia alikuwa sahihi. Nusura nimwendee mwalimu nikamwambie nataka kuandika juu ya Mekatilili kama wengine. Nilichelewa tu kwa kuwa nilitaka kwanza kumaliza ile safari ya baiskeli.

SAFARI YA BAISKELI

Mwaka 1933 Tilman, mwenye umri wa miaka 35, aliamua kuondoka Kenya. Njia ya kawaida ya Mzungu kwenda kwao ilikuwa gari moshi mpaka Mombasa, halafu meli. Yeye alitaka kuiona Afrika upande ule mwingine. Akanunua baiskeli ya kawaida iliyotengenezwa Uingereza kwa pauni 6, yaani shilingi 120 za wakati ule. Kwake zilikuwa pesa kidogo, ingawa kibarua wa shamba angehitaji mshahara wa karibu mwaka mzima au zaidi kuinunua. Akaanzia Uganda katikati ya mwezi wa Septemba, akaelekeza gurudumu magharibi.

Chukua ramani ya Afrika uweke kidole Uganda. Ingia Kongo, ambayo wakati ule ilikuwa ya Wabelgiji. Vuka misitu mikubwa ya kaskazini yake. Ingia nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakati ule ikiwa chini ya Ufaransa. Endelea mpaka Kamerun, ushuke mpaka mji mdogo wa Kribi ulio ufuoni mwa Atlantiki. Hiyo ndiyo njia yake. Ni kama maili 3,000, karibu kilomita 4,800, naye aliimaliza kwa muda wa kama miezi miwili. Ukigawanya utapata kilomita 80 kwa siku. Hizo ni kama kutoka hapa Kangemi hadi Naivasha. Sasa fanya hivyo kesho, na kesho kutwa, na mtondo, kwa miezi miwili, bila lami, tena majira ya mvua.

Hakuwa na gari la kumfuata. Hakuwa na wapagazi, ambao Wazungu wa siku zile walikuwa hawatoki nyumbani bila wao. Alibeba vitu vichache ambavyo baiskeli ingeweza kuvichukua. Barabara zilikuwa za udongo, zilizochimbwa na wanavijiji kwa kazi ya kulazimishwa, na mvua ikinyesha udongo ule hushika matairi kama ugali mbichi. Mchana jua, usiku mbu. Alikula alichokikuta njiani, hasa ndizi, na akalala alipofikia.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Mtu huyu alikuja Afrika akiwa na cheti cha shamba mfukoni. Kwa miaka kumi na minne watu walimwendea kumwomba kazi. Lakini kila jioni ya safari ile, giza likianza kuingia, alikuwa mtu mmoja mwenye matope mpaka magotini anayesukuma baiskeli kuingia katika kijiji asichojua jina lake. Alihitaji maji. Alihitaji ndizi au yai au muhogo. Alihitaji mtu wa kumwonyesha njia iliyo mbele. Mwanzoni alikuwa bado katika nchi za Kiswahili, maana lugha yetu hii inasikika mpaka mashariki ya Kongo. Mbele ya hapo ni lugha nyingine tupu, na mtu anabaki na mikono yake ya kuonyeshea tumbo. Kwa miezi miwili Tilman alikuwa mgeni. Aliomba, na watu ambao hakuwa na shamba la kuwaandika kazi walimpa au kumwuzia.

Sitaki kumpaka asali. Hata akiwa na matope alikuwa Mzungu katika makoloni ya Wazungu, na chifu gani angethubutu kumfukuza? Mwafrika wa Kenya ambaye angeamua kuvuka bara kwa baiskeli mwaka 1933 angeulizwa kipande na barua ya ruhusa kabla hajafika mbali. Tena, watu waliompa maji ndio waliochimba barabara ile bila malipo. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna aliyemlazimisha kusafiri hivyo, na wenzake wengi wasingekubali kuonekana wamechafuka namna ile mbele ya wenyeji.

NILIJARIBU MWENYEWE

Ili nisiandike mambo ya vitabuni tu, Jumamosi moja muhula huu niliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na Black Mamba ya baba. Nilitaka kufika Rironi, pale njia inapogawanyika ya kuteremka Mai Mahiu, kisha nirudi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, nusu ya siku moja ya Tilman.

Mpaka Kinoo nilijiona bingwa. Kwenye mlima wa kupita Gitaru mwendo ulianza kubadilika. Ile barabara ukiwa kwenye matatu huoni kama inapanda, lakini miguu haidanganywi. Waendesha baiskeli wawili wa mazoezi walinipita Zambezi wakanipungia mkono, sijui kwa heshima au kwa huruma. Kufika Muguga miguu yangu ilikuwa uji, macho yanaona nyota, na mikono inatetemeka. Mwalimu wa Bayolojia ametufundisha kwamba ini na misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Ukifanya kazi nzito kwa muda mrefu bila kula, akiba inaisha, na mwili unazima kama jiko la makaa. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na chai ya rangi peke yake. Sasa nikaelewa ndizi za Tilman.

Kisha cheni ikatoka, ikakwama kati ya gurudumu na fremu. Nilikaa kando ya barabara nikiwa na mafuta mpaka kwenye mashavu, karibu nilie. Akaja mzee mmoja aliyekuwa akichunga kondoo kwenye nyasi za barabarani. Hakuniuliza mimi ni wa nani wala kabila gani. Alichukua kijiti, akaikwamua cheni, akaniambia niende kwa mama fulani pale ng'ambo aliyekuwa akikaanga mandazi. Nilikuwa na shilingi kumi tu. Yule mama alinipa mandazi matatu na kikombe cha maji, akakataa kuzungumzia bei. Nilimwita mama, akaniita mtoto wangu, basi ikawa imekwisha.

Rironi nilifika. Nilisimama dakika tano nikitazama njia inayoteremka kwenda bondeni, nikafikiri kwamba njia hizi za magharibi ukizifuata zinafika Uganda, na ukiendelea zinafika alikofika yule bwana. Halafu nikageuza. Kurudi ni mteremko, nilishuka nikiimba.

BAADA YA AFRIKA

Tilman alipofika kwao alikuwa amejifunza kwamba mtu anaweza kwenda mbali na vitu vichache. Mwaka 1934 yeye na Shipton walikwenda milima ya Himalaya, India. Zama zile msafara wa Himalaya ulikuwa kama jeshi, wenye mamia ya wapagazi na masanduku ya vyakula vya kopo. Hawa walikwenda watu watano tu, wao wawili pamoja na Masherpa watatu, Angtharkay, Pasang na Kusang, wakila vyakula vya kule wanakopita. Wakapenya korongo la Rishi na kuingia katika bonde lililozungukwa na milima chini ya Nanda Devi, mahali ambapo hakuna binadamu aliyejulikana kufika. Tarehe 29 Agosti 1936, Tilman na Noel Odell walifika kilele cha Nanda Devi, mita 7,816. Kwa miaka 14 hakuna kilele kirefu kuliko hicho kilichopandwa, mpaka 1950. Mwaka 1937 alitoa kitabu cha maisha yake ya Afrika, Snow on the Equator. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Mlima Everest, ambao haukufika kileleni.

Vita vya Pili vilipokuja alikuwa mtu mzima wa miaka 41, lakini alirudi jeshini. Mwaka 1943 alirushwa kwa mwavuli usiku kuingia Albania, na mwaka 1944 kaskazini ya Italia, akapigana pamoja na wanamgambo wa huko dhidi ya Wajerumani. Mji wa Belluno ulimpa heshima ya kuwa raia wake. Ni ajabu kwamba yule aliyepewa shamba la wenyewe Kenya, uzeeni alijitolea kuwasaidia watu wa nchi nyingine kuirudisha nchi yao. Sijui kama yeye mwenyewe aliona mambo haya mawili yakisimama pamoja.

Mwaka 1954, magoti yakianza kukataa milima, alinunua mashua ya zamani iitwayo Mischief, akajifunza bahari. Aliiendesha mpaka ncha ya Amerika ya Kusini na mara nyingi Greenland, kwenye barafu. Mashua hiyo ilizama mwaka 1968, ya pili ikavunjika 1972, akanunua ya tatu. Mwaka 1977 Shipton, rafiki yake, alifariki. Mwaka huohuo Tilman, mzee wa miaka 79, alijiunga na kijana aitwaye Simon Richardson katika chombo kilichoitwa En Avant. Novemba waliondoka Rio de Janeiro, Brazili, wakielekea visiwa vya Falkland. Hawakuonekana tena. Si chombo, si mtu, si ubao. Hana kaburi.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, mwalimu aliniambia mwishoni nione kama bado nataka kumsifu. Jibu langu ni kwamba simsifu Tilman wa 1919. Shamba lile halikuwa la kuchezewa kura, na ndama wa mama mkwe wa nyanya alitumbukia kweli. Mwenzangu wa Historia, uliyosema yote nimeyaandika, na nakushukuru kwa kunibana.

Lakini Tilman wa 1933, yule wa matope mpaka magotini, namheshimu. Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa methali hiyo ni yule anayekuja mikono mitupu, anayejua kwamba amefika kwa watu. Tilman alichukua miaka kumi na minne kuwa mgeni wa aina hiyo, na alipokuwa, tayari alikuwa njiani anaondoka. Hilo ndilo ninalolisikitikia katika maisha yake. Laiti wote waliokuja huku wangekuja kwa baiskeli, wakafika jioni wamechoka, wakaomba maji.

Nanyi mnaonicheka langoni asubuhi, endeleeni, maziwa nitawaletea. Likizo ya Agosti nataka kujaribu Naivasha. Mwenye baiskeli na anayetaka kuja anione chini ya mwembe wakati wa chakula cha mchana. Asisahau ndizi. Na atakayekuja lazima ajue kusema hodi.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.